Mapovu ya Birika

Wajuzi husema chai ya kijani itiwe maji ya nyuzi 80 hivi, yasije yakaichachusha kwa uchungu. Hapa Juba mama wa chai hana kipimajoto. Alama tunayoiamini ni mapovu. Maji mengi huletwa na malori kutoka Mto Nile, na kipindupindu kiliingia mjini 2014, kikarudi 2015.

Lakini makaa ni ghali, na mteja ana haraka. Birika likiepuliwa kabla halijatokota, tangawizi na sukari vitaficha. Je, mteja asiyeugua amedhulumiwa? Nasema ndiyo: alilipia chai pamoja na mapovu asiyoyaona. Ila sisi wanafunzi, tunaobishania bei ya kikombe kila asubuhi, makaa hayo tunataka ayalipe nani?