Seli Isife Mara Mbili

Kipande kilitoka mwilini saa ngapi? Kikaingia kwenye dawa saa ngapi?

Nauliza hata kabla ya salamu, kwa sababu miaka yote niliyokaa maabara nimepokea fomu zilizojazwa jina, umri, wodi na sahihi ya daktari, na pale pa kuandika saa pamebaki peupe. Ndugu zangu mnaoshika kisu, mnaobeba chupa, mnaokata vipande kwa mikrotomu na mnaoinamia darubini. Ninyi wauguzi wa chumba cha upasuaji, nanyi wanafunzi wa uzamili mnaokuza seli kwenye inkyubeta: pale peupe ndipo mgonjwa anapopotezewa haki yake.

Seli ikitengwa na damu haifi kwa utulivu. Ndani yake mna vimeng'enya vilivyofungiwa kwenye vifuko. Oksijeni ikikatika vifuko vinavuja, na seli inaanza kujimeng'enya yenyewe. Nyuma yake wanakuja bakteria kumalizia. Kifo cha kwanza hatukuweza kukizuia, maana tumekileta wenyewe kwa kisu. Kifo cha pili, cha kuoza, hicho kiko mikononi mwetu. Kufiksi ni kukikataa kifo hicho: kuzishika protini pale zilipokuwa, ili atakayetazama kesho, au baada ya miaka mia, akione kilichokuwapo kweli.

Msidhani miaka mia ni maneno ya mhubiri tu. Mwaka 1912, mjini Berlin, mtoto wa kike wa miaka 2 alifariki kwa nimonia iliyoletwa na surua. Pafu lake likatiwa kwenye formalini, likakaa katika hifadhi ya hospitali ya Charité. Mwaka 2020 watafiti walichapisha jenomu ya kirusi cha surua waliyoisoma kutoka kwenye pafu lile lile, na kwa kuilinganisha na nyingine wakaona kwamba kirusi cha surua na kirusi cha sotoka huenda vilitengana tangu karne ya 6 kabla ya Kristo. Sotoka hiyo hiyo iliyofyeka ng'ombe wa wafugaji wetu katika miaka ya 1890! Tumeijua nasaba yake kwa sababu kuna mtu hakukiacha kiungo cha mtoto kioze mezani.

Tena njooni karibu. Mwaka 1960, Kinshasa ikiitwa bado Léopoldville, mwanamke mmoja alikatwa kipande cha tezi ya limfu. Mtu wa maabara akakizamisha kwenye dawa ya Bouin, ambayo ndani yake mna formaldehaidi, kisha kikafungwa ndani ya nta. Mwaka 2008 mtafiti Michael Worobey na wenzake walichapisha walichokikuta humo: VVU. Wakakilinganisha na kirusi kilichotoka kwenye damu iliyochukuliwa mwaka 1959 katika mji huohuo, na tofauti kati ya viwili hivyo ikaonyesha kwamba virusi hivi vilianza kuenea kwa binadamu karibu na mwanzo wa karne ya 20. Yule wa maabara hakujua kuna VVU. Jina lenyewe halikuwa limezaliwa. Alichokijua ni kwamba kipande kimeletwa na dawa ipo, akafanya kazi yake. Mimi kila nikimfikiria mtu huyo natamani kusimama.

Sasa tuje kwenye unga mweupe, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya.

Tumezoea kuandika "PFA 4%" kwenye chupa na kuiweka kwenye friji kana kwamba tumemaliza. Paraformaldehaidi ni formaldehaidi iliyojifunga mnyororo, kiungo kwa kiungo, mpaka ikawa unga. Mnyororo ule haufiksi kitu. Ukiukoroga kwenye maji baridi utapata maji meupe na moyo wa uongo. Lazima mnyororo uvunjwe, na unavunjwa kwa joto na alkali, na kwa subira. Kwa lita moja, pasha mililita 800 za bafa ya fosfeti hadi nyuzi 60, usipitilize, wala usithubutu kuichemsha. Tia gramu 40 za unga, ukiwa umeupima ndani ya kabati la kuvuta hewa. Koroga. Maji yatakuwa na weupe kama tui la pili. Dondosha sodiamu haidroksaidi tone moja, ngoja, tone jingine, ngoja tena, mpaka tui lile liwe angavu kama maji ya kisima. Acha ipoe, rekebisha pH hadi 7.4, jazia bafa lita itimie, kisha chuja. Weka tarehe ya leo kwenye chupa. Kama huitumii ndani ya siku chache, igawe kwenye mirija midogo, igandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na mrija uliokwisha kuyeyushwa usiurudishe kwenye barafu.

Mtaniuliza, kwa nini taabu yote hii wakati formalini ipo stoo? Formalini inayouzwa ina formaldehaidi kama asilimia 37, na imetiwa methanoli ili isirudi kuwa mnyororo. Ile formalini ya asilimia 10 ya hospitali ni hiyo iliyozimuliwa mara kumi, kwa hiyo formaldehaidi iliyomo inakaribia asilimia 4, sawa na ya kwako. Kwa kazi ya kila siku ya patholojia, ikiwa imetiwa bafa, inatosha na imeokoa watu wengi. Lakini unapotaka kingamwili yenye rangi ing'ae mahali pamoja tu kwenye utando wa seli, methanoli ile inaugusa utando na kuzivuruga protini ulizokuja kuzitafuta. Wewe unayetafuta ukweli mwembamba kiasi hicho, tengeneza dawa yako, leo, kwa mkono wako.

Na hata dawa ikiwa njema, msiifanyie haraka. Ndani ya maji, karibu formaldehaidi yote hujigeuza kuwa methilini glikoli, ambayo hupenya tishu upesi lakini haishiki chochote. Ile chache iliyobaki huru ndiyo inayoshikana na protini, hasa kwenye lisini, na polepole inajenga madaraja kati ya protini na protini. Kwa hiyo kipande kinaweza kuwa kimelowa hadi ndani na bado hakijafiksiwa. Nimewasikia wanaosema rangi ikigeuka kijivu kazi imekwisha. Wanatazama ngozi ya jambo. Seli zilizoota juu ya kioo zinatosheka na dakika 10 hadi 20, na ukitaka kuona mikrotubuli ipashe dawa hadi nyuzi 37 kwanza, kwa maana baridi huzibomoa. Kipande kilichotoka kwenye titi kinachopimwa vipokezi vya homoni kinahitaji saa 6 hadi 72 ndani ya formalini, na kiwe kimeingia humo kabla ya saa moja kutimia tangu kilipokatwa. Saa moja! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: vipokezi vilivyokuwapo vitaonekana havipo, na mama atanyimwa dawa ambayo ingemfaa.

Hapa lazima niungame. Nikiwa bado kijana kazini, Ijumaa alasiri, nililetewa uvimbe wa titi mzima, mkubwa kama chungwa, ukiwa umetiwa ndani ya maji ya chumvi. Niliyamwaga maji yale, nikamimina formalini, nikafunga chupa nikaenda nyumbani. Sikuupasua. Mimi niliyekulia pwani, niliyeona kila siku wavuvi wakimpasua samaki mgongoni na kumfungua wazi kama kitabu kabla ya kumtia chumvi awe ng'onda, kwa kuwa kila mtu kule anajua samaki mnene asiyepasuliwa huoza katikati huku nje amekauka! Jumatatu nilipoukata, kingo zilikuwa ngumu na nzuri, na moyo wa uvimbe ulikuwa uji. Tuliandika kwamba sampuli haisomeki. Mama yule akaitwa tena, akalala tena juu ya kitanda kile. Kosa halikuwa la dawa, lilikuwa langu, na ndiyo maana leo nasema kwa sauti: pasua! Vipande visizidi milimita 5, dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kipande, na chupa iwe na mdomo mpana.

Wapo wanaoogopa upande wa pili, kwamba kipande kikikaa sana kwenye dawa madaraja yatazidi na kingamwili haitapata pa kushika. Ni kweli, na ni hasara. Lakini tangu 1991 tunayo njia ya kukipasha moto kipande kwenye bafa ili protini zilizofunikwa zifunuke tena. Kilichofunikwa tunaweza kukifunua. Kilichooza hakuna moto wala kingamwili ya bei yoyote itakayokirudisha. Basi ukikosa, ukosee upande wa kukitia mapema.

Na chupa zile za zamani kwenye rafu, zitoeni. Formalini isiyo na bafa inazaa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ikikutana na hemoglobini inaacha punje za kahawia nyeusi ndani ya tishu. Punje hizo zinafanana mno na zile zinazoachwa na malaria, hata chini ya mwanga uliopolaraiziwa. Katika nchi zetu hizi! Tunaweza kumwandikia marehemu ugonjwa uliotoka kwenye chupa yetu.

Ilindeni pia miili yenu, nasema kwa upendo. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Macho yanayowasha si ishara ya uchapakazi. Kabati liwe linavuta, glavu ziwe mikononi, na mabaki yaende kwenye chombo chake, si kwenye sinki. Maabara isiyo na kabati, wakubwa wake wadai kabati kabla ya kudai darubini mpya.

Mwaka 1893, huko Frankfurt, daktari Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu formaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Angeweza kunawa na kuendelea na mambo yake. Alisimama akajiuliza, akazamisha tishu, akatazama, akaandika. Vidole vyake vimetulipia funzo hilo, ninyi hamna haja ya kulilipia tena kwa vyenu.

Kesho asubuhi kuna orodha ya upasuaji, na kwenye orodha hiyo yuko mama ambaye hajalala usiku huu. Kabla kisu hakijashuka, chupa iwe imefunguliwa na kalamu iwe mfukoni. Andika saa kilipotoka. Andika saa kilipoingia. Kisha mpigie simu mtu wa maabara umwambie kinakuja, naye akipokee mlangoni akiwa na wembe wa kukipasulia.