Kanda la Usufi

Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Porsche ilitangaza kwamba wanunuzi wa 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder wangeweza kuagiza betri ya lithiamu ya kuwashia injini badala ya ile ya risasi. Ya risasi ilikuwa na kilo 16. Hii mpya haikufika 6. Bei yake Ujerumani, kodi ikiwemo, ilikuwa yuro 1,904. GT3 ya wakati ule ilikuwa na uzito wa kilo 1,395, kwa hiyo fedha zote hizo zilinunua upungufu usiofika asilimia moja. Aliyelelewa katika mafunzo ya dini, awe alisomea chuoni kwa maalimu au kwenye katekisimu, atakuwa na neno moja mdomoni kabla hajamaliza hesabu hiyo: israfu. Nadhani neno hilo huwa sahihi mara nyingi kuliko wenye magari wangependa, lakini hutamkwa kwa sababu isiyo yake. Linatazama bei, na katika suala hili bei ndiyo jambo dogo kuliko yote.

Bei haiwezi kuwa mizani peke yake. Sura ya Al-Furqan inawasifu watu wanaotumia mali bila kufuja wala kubana mkono, na haitaji kiwango cha fedha. Hutazamwa hali ya mtumiaji na kazi ya kilichonunuliwa. Kwa kipimo hicho betri ile ina wakili. GT3 iliundwa ikiwa na viwanja vya mbio akilini, na uwanjani kila kilo hudai haki yake wakati wa kuongeza kasi, wakati wa kufunga breki, na kwenye kona. Mhandisi hapati wepesi mahali pamoja. Huokota gramu kwenye viti, kwenye vioo, kwenye bomba la moshi, mpaka ziwe kitu. Kuifikisha kazi yako ukomo wa ufundi si dhambi, na waliochonga milango ya Zanzibar hawakuulizwa kama mlango usingefunga bila nakshi. Ila gari hilohilo likiwa halijawahi kuonja uwanja wa mbio, wakili hana kesi. Dereva aliyebeba kilo kumi za ziada kiunoni angefika palepale kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi, tena bila kulipa yuro hata moja.

Wala kupunguza uzito kwa ajili ya mbio si uzushi wa karne hii. Riwaya ya Ibn Umar iliyomo katika Sahihi Bukhari inaeleza kwamba Mtume Muhammad aliwashindanisha farasi waliokondeshwa kutoka Hafya hadi Thaniyat al-Wadaa, na wasiokondeshwa akawapa masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniya hadi msikiti wa Banu Zurayq. Kukondesha kulikuwa fani yenye wenyewe: farasi alinenepeshwa kwanza, kisha akapunguziwa chakula na kufunikwa matandiko bandani atoke jasho, mpaka nyama yake ikakaza. Anayedai kwamba kuutafuta wepesi ni upuuzi kwa asili yake ana la kujibu hapo. Atasema farasi wale walikuwa wa kuulinda mji, na gari huzunguka tu na kurudi lilikoanzia. Kweli, lakini basi shtaka lake ni juu ya mchezo mzima, na betri haikustahili kusimamishwa kizimbani peke yake.

Hata hivyo farasi huyohuyo anayemtetea mwenye gari ndiye anayemfunga. Mafuta ya farasi yalichomeka, yakatoka kwa jasho na pumzi, yakaisha. Hakuna mtu aliyebebeshwa. Kilo kumi za betri hazichomeki: zinatoka kwenye gari na kukaa mahali pengine. Porsche wenyewe walilionyesha hilo bila kukusudia. Kwa kuwa lithiamu hulegea kwenye baridi kali, chini ya nyuzi sifuri, aliyenunua betri nyepesi alikabidhiwa pia ile ya kawaida, aifunge gari likihitajika majira ya baridi. Kwa hiyo aliyelipia wepesi akawa na takriban kilo 22 za betri, wakati jirani yake asiyejali wepesi ana 16. Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na naona hapo ndipo israfu inapopaswa kupimwa: uzito ulioutua umemwangukia nani?

Wapo watakaokimbilia machimbo ya Kolwezi kule Kongo na kobalti yake. Hoja hiyo haifiki hapa, maana betri za kuwashia za aina hii kwa kawaida ni za lithiamu, chuma na fosfeti, na kobalti haimo. Wengine watasema yuro 1,904 zingewalisha maskini. Zingewalisha, kama ambavyo zingewalisha fedha za kila zulia la msikiti na kila kengele ya kanisa. Hoja inayokataza kila kitu haitusaidii kuchagua kati ya vitu viwili. Pingamizi lenye meno ni jingine: risasi ni sumu, basi aliyeiacha ametenda wema. Sumu yake tunaijua vizuri Afrika Mashariki. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza 2007 kiliwaachia wakazi risasi katika damu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini risasi iliyowadhuru watu wale ilikuwa imeshaachwa na wenye magari. Magari yao yaliendelea na safari yakiwa na betri mpya, na kila mmoja aliamini ameshamalizana na ile ya zamani.

Kwa hiyo kuiacha risasi hakumtakasi mtu. Swali ni namna ya kuiacha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 iliwataka wanaochakata betri, ifikapo mwisho wa 2025, warejeshe asilimia 75 ya uzito wa betri za risasi na asilimia 65 ya zile za lithiamu. Kwa hesabu hiyo betri ya kilo 6 ina ruhusa ya kupoteza kilo 2 na ushei, ya kilo 16 kilo 4. Ikibaki peke yake, basi, ile nyepesi inaacha taka kidogo, na mtetezi wake ana haki ya kuitaja hesabu hii. Tatizo ni kwamba katika gari hili haikubaki peke yake. Na betri ya risasi ikiachwa bila chaji, fuwele za salfeti hukomaa kwenye mabamba yake hata isiweze tena kupokea umeme. Mwenye GT3 anayemaliza kiangazi chote na kilo 6 anapaswa kuichaji ile ya kilo 16 iliyoko rafuni, na siku ikifa aipeleke kwa anayestahili kuipokea. Sheria hiyo ya Ulaya inamlazimu mzalishaji aichukue bila malipo. Haina mkono wa kuitoa rafuni.