Tiketi ya Kurudi

Kwa wasafiri wengi wa shanta wanaopanda kutoka Cape Town, Zanzibar ndiyo kituo cha mwisho. Wamepita Namibia, wameloa kwa mvuke wa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na wapo waliopanda treni ya TAZARA pale Kapiri Mposhi wakakaa nayo kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, wakinunua ndizi dirishani na kusinzia treni iliposimama porini bila maelezo. Kisha feri, kisha Mji Mkongwe, kisha siku kadhaa za bahari huko Nungwi, na ndege. Njia hiyo inajulikana, vitabu vya mwongozo vimeichora, na sisi wa pwani tumezoea kuwapokea watu hawa safari yao ikiwa imebakiza makombo.

Waangalie pale Forodhani, Mji Mkongwe, jioni. Anayemaliza safari hafanani na anayeianza. Fulana imepauka pale mikanda ya shanta ilipokaa, Kiswahili chake kinatosha kumkatalia papasi anayewinda watalii bila kumuudhi, na pweza wa kuchoma hamshangazi tena. Lakini kuna kitu kimeshamtoka. Anazungumzia kodi ya chumba, kazi atakayoomba, baridi itakayomlaki uwanjani. Kwa miezi hakuwa na haja ya kujua kama leo ni Jumanne au Alhamisi. Sasa anajua, na saa anaijua. Bahari ni ileile iliyomleta. Yeye ndiye ameacha kuwa msafiri, na bado hajafika popote.

Ni nini hasa kilichokwisha?

Mtu atajibu haraka kwamba siku ndizo zimekwisha, na kila kizuri kinapokaribia ukingoni huhuzunisha. Jibu hilo halitoshi. Mtu huyuhuyu alipobakiza siku mbili Livingstone, kwenye maporomoko yale, hakuwa na huzuni hii. Alifunga shanta huku anaimba, kwa kuwa mbele kulikuwa na mji asioujua na kitanda asichokijua. Siku mbili ni siku mbili, Livingstone au Nungwi. Kinachozitofautisha ni kile kinachozifuata.

Aristotle aliyagawa matendo yetu makundi mawili. Yapo yanayofanana na kujenga nyumba: wakati yanaendelea bado hayajatimia, na yakitimia yamekwisha. Mengine ni kama kuona, au kufikiri, ambayo yametimia kila dakika yanapotendeka, anayeona ameshaona. Kutembea kutoka hapa hadi pale alikuweka katika kundi la kwanza. Wasafiri wa siku hizi wangependa akuhamishie la pili. Usemi wao mkuu, unaochapwa hata kwenye fulana, ni kwamba safari yenyewe ndiyo kufika, na wale wakali zaidi huongeza kwamba safari ya kweli haina kurudi.

Kipande cha mwisho cha safari kinawasuta. Kama kila siku ya njiani ilikuwa imetimia yenyewe, siku za Nungwi zingekuwa siku kama nyingine. Haziwi. Maana yake kurudi kulikuwapo tangu asubuhi ya kwanza, kumekaa chini ya kila kitu kama msingi ambao hakuna mwenye nyumba anayeukumbuka mpaka ukuta upate ufa. Kutojua utalala wapi kesho ni kutamu kwa mtu anayejua atalala wapi mwakani. Msafiri alidhani ameacha kila kitu nyumbani, kumbe nyumbani ndiko kulikomlipia uhuru huo, na sasa hesabu imeletwa mezani.

Mahujaji wa Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, wametuachia mfano mzuri wa jambo hili. Njia iliyo maarufu zaidi, inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ina karibu kilomita 780. Kwa miaka mingi kanuni ya ofisi ya mahujaji ilimtaka mwenda kwa miguu athibitishe kilomita 100 za mwisho ili apewe cheti. Aliyetembea wiki nne kisha akapanda basi kumalizia alikosa cheti. Aliyeanzia Sarria, mwendo wa siku chache tu, alikipata. Unaweza kuucheka urasimu huo, na mimi ninaucheka. Lakini hujaji wa karne ya 12 angetucheka sisi sote, maana kwake Santiago ilikuwa nusu ya njia. Alisali, akageuka, akaanza tena kutembea, pesa zimepungua na viatu vimekwisha. Mwisho wa njia hiyo ya pili hapakuwa na mnara wa kanisa unaoonekana kwa mbali. Palikuwa na shamba, madeni, na watoto waliorefuka asipokuwepo.

Ndege imetufutia nusu hiyo ya pili. Kurudi kulikochukua miezi sasa kunachukua usiku mmoja, mtu akiwa na trei ya chakula mapajani na filamu mbele ya macho. Ila roho haikubali kurudishwa kwa haraka kiasi hicho, kwa hiyo inaanza mapema. Yule kijana wa Forodhani anayeongea habari za kodi ya chumba anatembea njia ya hujaji wa kale, isipokuwa anaitembea akiwa ameketi, na mshikaki mkononi.

Na huko anakorudi kupo? Msafiri Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alikuwa kwetu, Mombasa na Kilwa, na baadaye akafika India na visiwa vya Maldives. Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alipata habari mjini Damascus kwamba baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Akaendelea magharibi kupitia miji iliyokuwa ikizika watu wake kwa tauni. Alipofika Taza, tayari ndani ya Moroko, hatua chache kutoka kwao ukilinganisha na alikotoka, akaambiwa mama yake naye amekufa kwa tauni hiyo.

Naifikiria sana ile miaka 15. Alihukumu kesi Delhi, alioa na kuacha Maldives, muda wote huo akiwa mwana wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Uhuru wake haukupungua chembe. Kumbe kilichoushikilia ni imani yake kwamba nyumbani kupo. Nyumbani kwenyewe kungeweza kubomoka bila yeye kuhisi lolote. Kipande cha mwisho ndipo imani hiyo inapopelekwa kwenye mizani, na ndiyo sababu kinaogofya hata kwa yule ambaye wazazi wake wanampigia simu kila Jumapili.

Ibn Battuta hakutulia. Alivuka kwenda Andalusia, na mwaka 1352 akaikata Sahara kuelekea Mali. Mwishowe hata hivyo alirudi Fez, na kwa agizo la sultani akamsimulia Ibn Juzayy, aliyeandika. Maelezo yake ya Kilwa ni miongoni mwa machache tuliyo nayo kutoka kwa mtu wa karne ile aliyeuona mji ule kwa macho yake. Angefia njiani, tungeyakosa. Safari ya asiyerudi inaweza kuwa nzuri kupita zote, lakini hakuna atakayetusimulia.

Sisi wenye pasipoti za huku swali la kurudi hatulisubiri mpaka Nungwi. Mtanzania anayeomba viza ya Schengen, ya kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, hutakiwa aonyeshe kwamba atarudi kabla hajanunua hata soksi za safari. Swali hilo linakera, na haliulizwi kwa watu wote sawasawa. Hata hivyo, afisa wa viza anauliza jambo ambalo mwenye fulana ya maneno matamu hajawahi kujiuliza.

Wapo wengine wanaopita barabara za eneo lilelile la wasafiri wa shanta, wakielekea upande wa pili. Vijana kutoka Ethiopia huteremka kupitia Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji wakielekea Afrika Kusini. Begi mgongoni wanalo. Ratiba hawana, anwani hawana, na kitanda cha kesho hawakijui. Sifa zote za safari huru zinawaenea, isipokuwa tiketi. Tarehe 24 Machi 2020, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, lilifunguliwa kontena la lori lililotoka Malawi, ndani yake zikakutwa maiti 64 za watu walioaminika kuwa Waethiopia.

Safari isiyo na kurudi ipo, na inapita huko. Anayeisifu hajui anachokisifu.