Barua pepe nayo ina mlango

Ndugu zangu Waislamu, katika Suratun-Nur aya ya 27 tumekatazwa kuingia nyumba za wenzetu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Katika Suratul-Hujurat aya ya 12 tumekatazwa kupelelezana. Hukumu hizi tunazisoma kila siku misikitini, lakini tukikaa mbele ya kompyuta tunaacha mlango wazi.

Wapo wanaoniambia: "Ustadhi, mimi sina la kuficha." Nawajibu kuwa barua zako si zako peke yako. Humo mna posa ya binti wa watu, majibu ya hospitali ya mzee wako, deni la ndugu aliyekuomba umsitiri. Hiyo ni amana, wala hukupewa ruhusa ya kuianika. Na barua pepe ya kawaida, hata ikisafiri salama, ikifika kwa kampuni inayokuhifadhia huweza kusomwa na kampuni hiyo. Mwaka 2014 gazeti la mtandaoni The Intercept, likitegemea nyaraka za Edward Snowden, liliripoti kuwa barua pepe za Nihad Awad, kiongozi wa jumuiya ya Waislamu ya CAIR huko Marekani, zilikuwa zikifuatiliwa na vyombo vya dola. Kosa lake lipi? Hakushitakiwa kwa lolote.

Dawa ipo. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, na serikali yake ikamchunguza mpaka ilipoachana naye mwaka 1996. (Jiulize kwa nini iliwasumbua.) Inavyofanya kazi ni hivi: unawagawia watu makufuli yako yakiwa wazi, ufunguo unabaki nao wewe. Anayekuandikia anaibana barua kwa kufuli lako, na njiani hakuna wa kuifungua. Ila hakikisha kufuli ni la mwenzako kweli. Mpigie simu msomeane alama zake. Kichwa cha barua na anuani kwa kawaida hubaki wazi. Na ukipoteza ufunguo, barua zako ndiyo basi tena.

Msidhani ni elimu ya Wazungu. Al-Kindi, huko Baghdad katika karne ya 9, aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazojirudia.

Nawaomba vijana wetu wanaojua kompyuta wakae na makatibu wa misikiti baada ya darsa. Waanze na wanaotunza mashauri ya ndoa na talaka.