Alama ya Kuuliza Kwenye Chungu

Hivi, kufuta alama ya kuuliza ni kusema uongo? Huongezi neno, hubadilishi neno. Unaondoa kile kimstari kilichopinda na nukta yake, basi. Swali hili limenijia kwa sababu ya kaktasi niliyoinunua kando ya barabara hapa Nairobi, ikiwa na kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu: "Krismasi?"

Wengi wetu tukisikia kaktasi tunawaza mpungate na miiba yake. Hii ni tofauti. Ni pingili bapa za kijani, moja ikiota kwenye ncha ya nyingine. Watu huziita majani, kumbe ni shina. Jamii yake, Schlumbergera, asili yake ni milima ya pwani ya kusini mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti na kwenye miamba. Ile inayoitwa ya Krismasi ni chotara iliyozalishwa Uingereza katikati ya karne ya 19, na mzazi wake mmoja ni Schlumbergera truncata, ambayo nayo huuzwa kwa jina hilohilo la Krismasi. Yaani mzazi na mtoto wanagombania jina moja.

Nilianza na umbo. Kingo za pingili zangu zina meno makali, za chotara ni za mviringo. Matawi yangu yanapanda kwanza ndipo yanapinda nje. Ya chotara huning'inia mapema. Lakini umbo peke yake ni shahidi mmoja, nikaona nisubiri ua.

Likaja Julai. Julai, na baridi yake! Mwezi huo sikuuhesabu kuwa ushahidi. Sikukuu ziko kwenye kalenda zetu. Mmea wenyewe unafuata urefu wa usiku na ubaridi. Wabrazili huuita ua la Mei, kwa kuwa kwao usiku ndio unarefuka wakati huo.

Ua lilitoka kwa ubavu, petali za juu zimejikunja nyuma, halina ulinganifu. Lingekuwa kama nyota ningesema ni ile ya Pasaka. Lingening'inia likitazama chini, ningesema chotara. Nikagusa chavua kwa kidole: njano. Ya chotara huwa ya waridi. Basi, truncata, au kitu cha upande wake, maana wakulima wa maua wameichanganya mimea hii mara nyingi mno.

Jirani aliliona, akaomba pingili. "Niandikie Krismasi tu, dada. Nani atajua?"

Sidharau hoja yake. Jina la kuitia lina uhuru wake. Juma aliyezaliwa Jumanne hasemi uongo kila anapojitambulisha. Angetaka kuuita mmea wake Krismasi, au hata Juma, ningefurahi. Lakini kibandiko ni kitu kingine, kinasomwa na mtu ambaye mimi sipo kumweleza. Jirani atampa dadake, dadake atampa mwingine, na huyo wa tatu atakaa Desemba nzima akingoja maua. Yasipokuja ataamini ameuua mmea, autupe, mzima kabisa. Nimewahi kuona chungu cha namna hiyo jalalani, pingili bado zimejaa maji.

Ndiyo maana namheshimu yule muuzaji. Bila ile alama huenda angeuza haraka zaidi, na hakuna ambaye angemuuliza. Aliiweka hata hivyo, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa jirani niliandika: "Truncata, au chotara wake? Chavua njano. Ilichanua Julai, wakati wa baridi."

Akakigeuza kibandiko huku na huku. "Sasa dada, hili ni jina au ni barua?"