TALAKA KWA NJIA YA SIMU

Hapa Maniema, bwana akigombana na bibi yake, wazee walikuwa wakienda kumrudisha. Sasa bwana yuko machimboni, anaandika neno moja kwa simu, asubuhi mama anafunga vitu vyake.

Mnauliza kama talaka hiyo inashika. Wanachuoni wengi wanasema maandishi yenye nia yanashika. Sawa. Lakini je, ni haki? Sura ya 65 inaamuru eda ihesabiwe, na bibi asitolewe nyumbani muda huo, maana huenda mioyo ikageuka. Basi nyumba yenyewe ni dawa: bwana anasikia mtoto akikohoa usiku, anamuona mama akiwasha moto. Simu haina jiko wala mlango. Na wale waamuzi wawili wa Sura ya 4, mmoja wa kwao mume na mmoja wa kwao mke, nani aliwaita?

Tena Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema ndoa inavunjwa na tribunali. Lakini wengi wetu tunafunga nikaha bila kuandikisha kwa serkali (pesa ya karamu haikosi!), na mama akiachwa hana karatasi ya kudai mali waliyoitafuta pamoja.

Mwenye kukusudia talaka arudi kwanza nyumbani. Akikosa nauli, awapigie wazee wa pande mbili kabla ya kumpigia bibi. Na katika eda ya talaka rejea, chakula na malazi ya mama ni juu yake, hata akiwa machimboni.