Peleka Rasimu Ikiwa Mbichi

Mwanangu, keti kidogo. Najua begi umeshalifunga. Najua pia kwamba wiki sita za masomo ya kiangazi, kabla wenzako hawajafika chuoni, unaziona kama adhabu. Nami niliziona hivyo nilipofika Marekani.

Insha yangu ya kwanza niliiandika usiku mmoja. Nilianza kama tunavyoanza barua: salamu, shukrani, habari za nyumbani, ndipo jambo lenyewe. Mwalimu aliisoma kimya. Akachukua penseli, akapiga mstari juu ya aya ya tatu. "Insha yako inaanzia hapa," akasema.

Niliumia. Niliona ameyadharau malezi yangu. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni, na kwa wiki mbili sikumwendea. Wiki mbili kati ya sita, mwanangu! Nilijifungia chumbani, nikichomeka maneno mazito ya kwenye kamusi ili asijue nisichokijua. Ninajuta hadi leo.

Niliporudi aliniuliza swali moja: "Hapa ulitaka kusema nini?" Nikamweleza kwa mdomo. Akasema, "Basi andika hivyo hivyo."

Miaka baadaye nilisoma habari za Mina Shaughnessy, mwalimu wa New York. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji hilo kiliwafungulia milango wahitimu wote wa sekondari za jiji. Wengi walifika na uandishi uliojaa makosa, na wapo walimu waliowakatia tamaa. Yeye aliketi akasoma insha zao zipatazo 4,000. Katika kitabu chake cha 1977 akaonyesha kwamba makosa yale yana sababu zake. Ni ya mtu anayejifunza, wala si ya mjinga. Nikazikumbuka salamu zangu. Zilikuwa adabu, ila msomaji wa huko hutaka jambo kwanza.

Kwa hiyo usiwe na haraka ya kuonekana unajua. Rasimu yako ipeleke ingali mbichi, ina mapengo na maneno yaliyofutwafutwa. Ukiulizwa ulitaka kusema nini, jibu kwa sauti, kisha uandike ulichojibu. Rudi kesho yake. Rudi tena.

Ile karatasi ningali nayo. Mstari wa penseli umefifia, lakini mkunjo haujatoka. Zako usizikunje, mwanangu.